Namna ya Kuiponda Filamu Ukiwa Kangemi

Lipa kwanza. Aliyechungulia kwenye tundu la mabati, akasikia risasi zikilia na watu wakipiga mayowe, hana haki ya kutangaza kwenye kibanda cha chapati kwamba muvi ilikuwa mbovu. Toa kiingilio cha banda la video, tafuta nafasi kwenye benchi, na ukae hapo mpaka majina ya waliotengeneza filamu yamalize kupanda. Mwenye banda atataka kuikata ili aweke nyingine, au aweke mpira. Mwombe kwa heshima aiache. Katika majina hayo utaona nani aliongoza, nani alihariri na pesa zilitoka wapi, na yote hayo utayahitaji utakapoanza kuponda.

Matatu haihesabiki kama sinema. Barabara ya Waiyaki Way ikikubali, kutoka Kangemi hadi mjini utapata vipande vitatu vya video za muziki na nusu ya mapigano ya mtu usiyemjua. Ikikataa, unaweza kuona karibu saa nzima ya filamu kabla ya kushuka Westlands, lakini bado hujaona mwanzo, na konda amezungumza juu ya kila sentensi ya maana. Uliyoyaona humo yatumie kwa jambo moja tu: kuulizia jina la filamu hiyo ukaitafute. Hukumu isubiri.

Sasa futa maneno mawili kwenye msamiati wako: "haina stori." Yamesemwa kuhusu kila filamu iliyowahi kuwekwa mtaani hapa, na hayajawahi kumsaidia mtu yeyote kuamua aone ipi. Chukua Commando ya 1985. Stori iko wazi: Arnold Schwarzenegger ametekwa binti yake, majambazi wanampandisha ndege akamuue rais wa nchi ya mbali, anaruka kutoka kwenye ndege hiyo ikiwa inaondoka, na sasa ana saa kumi na moja kabla ndege haijatua na ujanja wake kugunduliwa. Hiyo ni stori safi kuliko ya filamu nyingi zenye tuzo, kwa sababu kila dakika ina bei na sisi tunaijua bei yenyewe. Ukitaka kuiponda Commando, iponde palipo na ubovu. Kuna gari la njano, Porsche, linaloumizwa vibaya ubavuni katika kufukuzana, halafu shujaa analisukuma likasimama na kuondoka nalo likiwa zima kabisa. Hapo mhariri alilala. Na kule mwisho, kwenye jumba la kifahari, wanajeshi wanaanguka hata kabla hawajaelekezewa mtutu. Useme hivyo, kwa sehemu na kwa tukio, na hata shabiki mkubwa wa Schwarzenegger atalazimika kukujibu badala ya kukuzomea.

Njia hiyohiyo itakuokoa katika mabishano kuhusu Rambo. Mtaani, mtu yeyote mwenye misuli na bunduki ni Rambo, na watu wakisikia jina hilo wanaona maiti zimejaa bonde zima. Warudishe kwenye filamu ya kwanza, First Blood, ya 1982. Ndani yake anakufa mtu mmoja tu, askari anayeanguka kutoka kwenye helikopta. Sylvester Stallone anacheza mwanajeshi aliyerudi kutoka Vietnam, polisi wa mji mdogo wanamkamata kwa kosa la kutembea akiwa amechakaa, na mwisho wake analia mbele ya kamanda wake kama mtu ambaye hajazungumza na yeyote kwa miaka. Kijana yeyote wa Kangemi aliyewahi kusimamishwa usiku na kuulizwa anatoka wapi na anakwenda wapi ataielewa filamu hiyo kuliko wakosoaji wengi wa Marekani. Zilizofuata ziligeuza uchungu huo kuwa fataki. Mimi nazihesabu kama wizi aliofanyiwa mhusika yuleyule.

Hapa ndipo tunapofika kwa DJ Afro, na hapa naomba utulivu.

Ukiona filamu yenye sauti ya DJ Afro umeona filamu mbili kwa kiingilio kimoja, na mkosoaji makini huzipa hukumu mbili. Moja ni ya mwongozaji wa Hong Kong, Mumbai au Los Angeles. Nyingine ni ya msimulizi wa Nairobi anayewabatiza wahusika upya, anayewapa jamaa wa Kichina matatizo ya kodi ya nyumba, na anayejua kabla yetu kwamba jambazi anakaribia kupigwa. Wako wanaoona aibu kukiri kwamba walikua na sauti hiyo. Aibu hiyo waiache. Kazi hii ina ndugu kote kanda yetu: Kampala ina ma-VJ wake, Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu. Na Japani, enzi za filamu zisizo na sauti, wasimulizi walioitwa benshi walisimama kando ya skrini na kueleza kila kitu, na baadhi yao walikuwa na jina kubwa kuliko waigizaji. Kaka yake Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo usimsikilize anayesema usimulizi ni ushamba.

Lakini kumheshimu msanii ni pamoja na kumkosoa. Pima msimulizi kwa mambo haya. Je, anaijua filamu, au anabahatisha? Je, mbio za maneno yake zinakwenda na mbio za miguu kwenye skrini? Na, hili ndilo kubwa kwangu, je, anajua kunyamaza? Kuna dakika ambazo filamu imejengwa kwa ukimya, na msimulizi anayeujaza kwa mzaha amekunyang'anya kitu ulichokilipia. Yule anayekohoa kidogo na kuacha uso wa mwigizaji ufanye kazi yake, huyo ni bingwa, na mwambie mwenye banda umesema hivyo.

Waganda wamekwenda hatua moja mbele. Mwaka 2010, Nabwana IGG alitengeneza Who Killed Captain Alex? huko Wakaliga, pembeni mwa Kampala, kwa pesa kidogo mno, silaha za kuchomelea na majirani kama waigizaji. Inayoonwa duniani leo ina sauti ya VJ Emmie juu yake, akitania, akisifu, akitangaza fujo kabla haijaanza. Ukitaka kuiponda kwa sababu damu ni bandia na helikopta ni ya kompyuta, umeponda kitu ambacho haikuahidi. Iliahidi furaha ya mtaa unaojichezea vita vyake wenyewe, na inatoa furaha hiyo kuliko filamu ya milioni mia. Kasoro yake halisi ni nyingine: katikati inapoteza njia, watu wanapigana kwa muda mrefu mno bila sisi kukumbuka ni nani anamtafuta nani.

Kung fu ihukumu kwa miguu. Mwongozaji anayejiamini huiweka kamera mbali kiasi cha kuonyesha mwili mzima, na hakati kila sekunde. Katika Drunken Master ya 1978, Yuen Woo-ping anakuacha umwone Jackie Chan tangu unyayo hadi utosi, ukaelewa ngumi ilitoka wapi. Katika Police Story ya 1985, Chan anateremka kwa mlingoti uliofungwa taa ndani ya jengo la maduka, na kamera inarudia kutuonyesha kutoka pembe tofauti kwa sababu inajua hatutaamini mara moja. Linganisha na filamu nyingi za sasa ambapo unaona bega, kisha ukuta, kisha mtu ameshalala chini. Huo ni ukosefu wa heshima kwa anayetazama, na useme hivyo kwa sauti. Enter the Dragon iko katikati: ile sehemu ya vioo ni ya ajabu, Bruce Lee ni umeme, lakini hadithi ya upelelezi iliyomzunguka ni ya kuazima. Alifariki Julai 1973, wiki chache kabla haijaanza kuonyeshwa Marekani, na nadhani majonzi hayo yamewafanya watu waisamehe mambo mengi.

Filamu za Kihindi: usiguse nyimbo. Anayelalamika kwamba Sholay ni ndefu kwa sababu wanaimba hajagundua kwamba wimbo wa pikipiki ndio unaokufanya uumie rafiki mmoja anapokufa. Toka enzi za majumba ya sinema ya Shan kule Ngara na Liberty ya Pangani, wazee wa Nairobi wamekuwa wakiijua hesabu hiyo. Mzee akikwambia, "Kijana, siku hizi hamna filamu," usimkatize. Mwambie, "Mzee wangu, nieleze Gabbar Singh alivyoingia," halafu umsikilize akitembea kama Amjad Khan kwenye yale mawe, na utajifunza namna ya kueleza tukio. Ila ukimaliza kumsikiliza, mpe na wewe lako. Mwisho wa Sholay aliouona si ule Ramesh Sippy alioutaka. Ilipotoka mwaka 1975 India ilikuwa chini ya hali ya hatari, na bodi ya ukaguzi ilikataa Thakur, mtu aliyekatwa mikono, amuue Gabbar mwenyewe kwa miguu yake. Polisi wakaletwa dakika ya mwisho kumzuia. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini dakika zile za mwisho zimekaa vibaya. Wakati mwingine ubovu wa filamu umewekwa na mtu ambaye jina lake halipo kwenye orodha inayopanda.

Za Nigeria nitapita haraka. Osuofia in London ya 2003 inachekesha bado, Nkem Owoh ana uso usiohitaji maneno. Anayezibeza zote kwa sababu ya sauti mbovu na uchawi wa moshi, mpe hiyo, kisha mpe Living in Bondage ya 1992, halafu aje tuongee. Za mapenzi za kigeni na za mizimu zina watetezi wa kutosha.

Kinachohitaji muda ni filamu zilizopigwa hapa na wageni. Kangemi inajua kupigwa picha: tarehe 27 Novemba 2015, Papa Francis alipokuja parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, kamera za dunia nzima zilikuwa mlangoni petu. Hakuna haja ya kumweleza mtu wa hapa kwamba kamera huchagua. Basi keti uitazame Out of Africa, ya 1985, iliyoshinda Oscar saba, ikiwemo ya filamu bora ya mwaka. Kubali kwanza uzuri wake. Ile ndege inapopaa na muziki wa John Barry, hata mwenye chuki atanyamaza. Kisha uliza swali ambalo ndilo silaha kuu ya mkosoaji wa mtaa huu: nani anazungumza, na nani anasimama nyuma ameshika trei? Shamba linalosimuliwa humo liko chini ya Ngong, upande wa pili wa Kawangware na Dagoretti, nchi ya Wakikuyu, na Wakikuyu katika filamu ile wamewekwa kusubiri, kuugua, kushukuru na kuhamishwa. Meryl Streep amejifunza lafudhi ya Kidenmaki kwa bidii. Robert Redford anacheza Mwingereza kwa Kiingereza cha Marekani na hakuna aliyemuuliza. Bidii yote ya usahihi ilienda kwenye nguo.

Jaribu pia mazoezi haya, ambayo nayapenda kuliko yote. Tazama Idi Amin wawili kwa wiki moja. Wa kwanza ni Joseph Olita, Mkenya, katika Rise and Fall of Idi Amin ya Sharad Patel, 1981. Wa pili ni Forest Whitaker katika The Last King of Scotland ya 2006, aliyepata Oscar kwa kazi hiyo. Ya kwanza imepigwa kwa haraka, damu yake imezidi, mazungumzo mengine ni ya kusomwa ubaoni. Ya pili ni safi, ina mwanga, ina pumzi, na Whitaker anakutisha anapocheka. Hata hivyo nasimama na Olita kwa jambo moja: katika filamu yake, Amin na watu aliowatesa ndio kitovu. Katika ile ya pili tunamfuata daktari kijana wa Scotland ambaye hakuwahi kuwapo, ametungwa kwenye riwaya, na taifa zima linateketea ili yeye akue. Uigizaji bora uko upande mmoja, macho sahihi yako upande mwingine. Mkosoaji mzuri anaweza kuyasema yote mawili bila kuona haya. Nairobi tunamdai Olita heshima zaidi ya ile tuliyompa.

Kisha za kwetu. Hapa dhambi ni mbili na zinalingana. Moja ni ya yule asemaye tusiziponde kwa sababu ni zetu. Nyingine ni ya yule asemaye ni za Kenya, ataona nini. Wote wawili hawajaitazama filamu. Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, ya 2012, ndiyo ya kwanza Kenya kuipeleka kushindania Oscar ya filamu za lugha ya kigeni, na inastahili kupondwa kwa uzito huo. Mwas, anayechezwa na Joseph Wairimu, anaanza kijijini akiuza kanda kwa kuigiza vipande vya filamu mbele ya wateja. Yaani shujaa wetu ni mkosoaji wa banda la video aliyepanda basi kuja mjini. Anaibiwa siku ya kwanza, anafungwa, anasafishishwa choo cha mahabusu, na hakuna filamu ya mgeni iliyowahi kuonyesha Nairobi ikimkaribisha mtu kwa ukweli kama ule. Olwenya Maina, marehemu, kama Oti, ana utulivu wa mtu hatari kweli. Sasa kasoro: wanawake. Amina yupo ili apendwe na ili agombaniwe. Filamu inayojua kila kitu kuhusu vijana wa genge haikupata dakika tano za kujua yeye anataka nini. Hilo nalisema kwa kuipenda.

Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipondwa na taifa zima, wengi wakiwa hawajaiona hata dakika moja. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, mwaka 2018, na mwezi uliotangulia ilikuwa imepigwa marufuku nyumbani. Mahakama Kuu iliifungulia siku saba tu Septemba hiyo, na watu walipanga foleni. Bodi ya kuainisha filamu ina kazi yake ya kisheria, kubandika umri, 16 au 18. Mkosoaji ana kazi nyingine, na asiazime mhuri wa bodi. Swali letu ni kama filamu inafanya inachokusudia. Rangi zake ni za Nairobi ninayoijua, waridi na zambarau za kamba ya nguo na saluni. Udhaifu wake ni wazee: mababa wa wasichana wawili wanaopendana wanagombea kiti kimoja, jambo lenye moto wa kutosha filamu nzima, na limeachwa pembeni kama mabango tu.

Na ipo Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018 pia, dakika 74. Kila banda la video lina sheria isiyoandikwa: stering, yaani shujaa wa filamu, hafi. Watu wamewahi kudai pesa zao kwa sababu stering alikufa. Jo, msichana anayechezwa na Stycie Waweru, anampenda Jackie Chan, ameamini sheria hiyo, na ana ugonjwa usiopona; hilo linasemwa mapema, sijakuharibia kitu. Kijiji kinaamua kumtengenezea filamu awe shujaa wake, na anayewaongoza ni jamaa anayewaonyesha watu filamu na kuzisimulia. Hii ndiyo filamu pekee ninayoijua inayolichukulia banda la video kama mahali patakatifu, na inalitetea bila kupiga hotuba. Mahali fulani katikati mama anabadili msimamo upesi kuliko nilivyoamini. Mbali na hapo, sina la kuiponda, na sitatafuta.

Ukikaa hadi majina ya mwisho utaona kwamba Nairobi Half Life na Supa Modo zote zimepitia One Fine Day Films, kampuni iliyoanzishwa na Mjerumani Tom Tykwer na mkewe, ikishirikiana na Ginger Ink ya hapa. Andika hilo pembeni. Filamu zetu mbili bora zilihitaji pesa ya Berlin, na mkosoaji anayeijua hesabu hiyo ataacha kumuuliza mwongozaji wa Kenya kwa nini hana helikopta, na ataanza kumuuliza mwenye pesa wa Nairobi amejificha wapi. Hasira ielekezwe huko. Na filamu ya Kenya ikiwekwa Westlands, panda matatu, ununue tiketi wiki ya kwanza, kabla haijaondolewa kwa kukosa watu.

Mwisho, mwenye banda. Yeye ndiye mhariri wetu, ndiye anayeamua watoto wa Gichagi na Bottom Line hapa Kangemi wataota nini Jumamosi. Akikuuliza aweke gani kesho, usimjibu "yoyote." Mpe jina, mwaka na sababu moja. Akikataa, mwulize na yeye sababu yake.